Barabara ya mashariki kwenda Namugongo

Kila mwaka, wiki za mwisho za Mei zinapofika, barabara kuu ya kutoka Busia na Malaba kuelekea Kampala hupata wasafiri wa aina yake. Wanatembea kando ya lami kwa makundi, wa mbele kabeba msalaba au bendera ya parokia, wengine rozari mkononi, na nyuma yao linajikokota gari la mizigo ambalo pia huwapakia wale waliogomewa na miguu. Ni mahujaji wa Kenya wanaokwenda Namugongo, nje kidogo ya Kampala, kuadhimisha Siku ya Mashahidi wa Uganda, 3 Juni. Wenzao wa Tanzania huingilia Mutukula, wa Rwanda Katuna, wa Kongo Mpondwe. Waganda wenyewe hutoka kila pembe ya nchi, wengine wakianzia huko Mbarara na Kasese.

Kisa cha mashahidi hao, Karoli Lwanga na wenzake, wanakijua. Wasichokumbuka wengi ni kwamba mauaji yale yalichochewa na msafara uliopita upande huu huu wanaopita wao leo.

Julai 1885, Askofu James Hannington wa Kanisa la Anglikana aliondoka Rabai, karibu na Mombasa, akiwa na wapagazi. Wamisionari waliomtangulia Buganda, akina Alexander Mackay na Padri Siméon Lourdel ambaye Waganda walimwita Mapeera, walikuwa wamezunguka kusini, kupitia bara la Tanganyika na kuvuka Ziwa Victoria. Hannington alitaka njia fupi ya kukata Umasaini na Kavirondo, magharibi mwa Kenya ya leo. Ilikuwa fupi kweli, lakini wakati wake ulikuwa mbaya. Buganda waliamini kwamba atakayeiteka nchi yao angetokea mashariki, upande wa Busoga, na mwaka huo habari za Wajerumani kujitwalia ardhi ya pwani zilikuwa zimekwisha kufika barazani kwa mfalme wao, Kabaka Mwanga II, kijana ambaye hakuwa hata na miaka 20. Mzungu anayebisha mlango wa mashariki hakuweza kudhaniwa mgeni wa heri. Hannington alikamatwa Busoga, kwa Chifu Luba, na 29 Oktoba akauawa kwa amri ya Kabaka.

Yaliyofuata yalishikana kama pingu. Yosefu Mukasa Balikuddembe, kiongozi wa wahudumu wa ikulu na Mkatoliki, alimkemea Mwanga kwa kumwaga damu ya askofu. Aliuawa 15 Novemba. Nafasi yake miongoni mwa vijana wa ikulu ikashikwa na Karoli Lwanga, aliyewakinga wadogo zake dhidi ya matakwa ya kimwili ya Kabaka, na hilo likazidisha hasira. Mwishoni mwa Mei 1886 hukumu ikatolewa Munyonyo, ufukweni mwa ziwa. Vijana wakafungwa kamba na kuswagwa kwa miguu hadi Namugongo, mahali pa kuulia wahalifu tangu zamani. Si wote waliofika. Ponsiano Ngondwe aliuawa njiani 26 Mei. Atanasi Bazzekuketta na Gonzaga Gonza, siku iliyofuata. Waliosalia walikaa kifungoni wiki nzima huku kuni zikikusanywa, wakachomwa moto 3 Juni, sikukuu ya Kupaa Bwana. Kizito, mdogo kuliko wote, alikuwa na miaka kama 14.

Mashahidi wanaohesabiwa ni 45: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Na kabla yao, katika miaka ya 1870, Kabaka Mutesa I aliwaua papo hapo Namugongo vijana Waislamu waliokataa kuswali nyuma yake kwa kuwa hakutahiriwa. Hao hutajwa mara chache mno.

Wakatoliki 22 walitangazwa wenyeheri mwaka 1920 na watakatifu mwaka 1964. Papa Paulo VI alifika Namugongo mwenyewe mwaka 1969, akaenda pia kuwaheshimu mashahidi wa Kianglikana. Basilika yenye nguzo 22 ikawekwa wakfu mwaka 1975. Tangu hapo umati umeongezeka, na ibada ni mbili, kila kanisa kwenye uwanja wake, mwendo mfupi kati yao. Kwa maoni yangu, utengano huo ni wa siku moja tu. Barabarani hakuna lami ya Wakatoliki na lami ya Waanglikana. Mtu aliyetokwa na malengelenge Iganga haulizi dhehebu la anayempa maji ya chumvi ya kulowekea miguu.

Hapo ndipo undugu wa safari hii hufungwa: kwenye sakafu za madarasa na kumbi za parokia wanamolala, kwenye uji wa alfajiri, kwenye msitu wa Mabira ambako kundi la Kenya na kundi la Tororo huungana na kuimba, Kiswahili kikipokezana na Kiganda. Namba za simu huandikwa, mwaliko wa mwakani hutolewa. Warudipo hubeba madumu ya maji ya Namugongo, na si ajabu hata kidogo kukuta Kizito au Lwanga kwenye rejista ya ubatizo wa Mluhya au Mhaya.

Lakini kuna waliosahauliwa. Hannington hakufa peke yake. Watu wapatao 50 aliotoka nao Kavirondo, wengi wao wa pwani, waliuawa karibu wote, na hawamo katika wale 45. Eneo la kifo cha askofu, Kyando wilayani Mayuge, haliko mbali na barabara ya mahujaji. Parokia na dayosisi zinazoandaa misafara ya Mei ziiweke Kyando kwenye ratiba, na wapagazi wa Rabai watajwe katika sala za Siku ya Mashahidi.