Notisi ya Kuhama: Glasgow, 1915

Desturi ya kale ya Uskochi ilikuwa kupangisha nyumba kwa mwaka mzima, na siku ya kuhama ilikuwa moja kwa watu wote, yaani tarehe 28 Mei. Mpangaji alipaswa kusema tangu Februari kama atakaa au atatoka, ingawa kibarua wa karakana ya meli hakuweza kujua katika Februari kama Mei itamkuta na kazi. Manung'uniko juu ya jambo hilo yalizaa sheria ya mwaka 1911, iliyoruhusu nyumba ndogo zipangishwe kwa muda mfupi, na notisi yake ikawa fupi vile vile. Wapangaji waliifurahia. Hawakufikiri kwamba mlango uliopanuliwa ili wao watoke upesi ulikuwa ni mlango ule ule wa kutolewa upesi.

Vita vya 1914 viliwafumbua macho. Maelfu ya mafundi walimiminika Glasgow kuunda meli na silaha kando ya mto Clyde. Nyumba zikawa haba, na wenye nyumba wakapandisha kodi. Asiyekubali alipewa notisi. Notisi hizo zilikuwa halali: zilitimiza siku zake, na zilipitia kortini. Hapa ndipo penye kiini cha habari hii, kwa maana katika mambo ya upangaji watu huchanganya vitu viwili, muda na sababu. Notisi humpa mpangaji muda wa kutafuta pengine pa kukaa. Haimwulizi mwenye nyumba kwa nini anamtoa. Katika mji usio na chumba kitupu muda wa mwezi mmoja ni sawa na muda wa saa moja.

Waliotambua hayo mapema walikuwa wanawake, ambao waume zao walikuwa karakanani au vitani. Katika mtaa wa Govan, Mary Barbour na wenzake waliwashawishi majirani wakatae nyongeza na kulipa kodi ya zamani tu. Mmoja wao alikaa zamu mlangoni na kengele. Matarishi wa korti walipotokea kuja kutoa vyombo nje, kengele ililia, na wanawake walitoka majikoni na mafuani wakawamwagia unga na kuwapiga kwa nguo mbichi. Si vita vya kutisha, lakini matarishi walirudi mikono mitupu.

Hapo mkusanya kodi mmoja akabuni njia nyingine: aliwashtaki wapangaji 18 katika korti ya madeni madogo, ili deni likatwe katika mishahara yao. Huenda aliona werevu. Kumbe aliihamisha kesi kutoka jikoni hadi karakanani. Tarehe 17 Novemba 1915 maelfu ya watu walikusanyika mbele ya korti, na mafundi waliziacha kazi zao wakaandamana pamoja na wanawake. Serikali ilihitaji mizinga kuliko ilivyohitaji kodi za wenye nyumba. Habari zilimfikia Lloyd George, Waziri wa Silaha, na mashtaka yakaondolewa.

Kabla mwaka haujaisha Bunge lilipitisha sheria. Kodi za nyumba ndogo zilirudishwa katika kiwango cha Agosti 1914. Kipimo cha nyumba hizo kilikuwa paundi 35 kwa mwaka katika London, 30 Uskochi, na 26 kwingineko. Lakini kifungu kizito zaidi, ingawa husomwa kwa haraka, ni kile kilichozuia korti kumtoa mpangaji anayelipa kodi na kushika masharti, isipokuwa kwa sababu zilizotajwa, kama vile kusumbua majirani au mwenye nyumba kuihitaji kwa makao yake. Basi notisi peke yake haikutosha tena.

Sheria hiyo iliwekwa iishe miezi sita baada ya vita, haikuisha. Mfano wake ulivuka bahari, na sheria za kuzuia kodi ziliandikwa katika Afrika ya Mashariki pia. Ya Tanzania ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Uingereza yenyewe iliilegeza kwa sheria ya 1988, iliyoruhusu mpangaji atolewe bila ya sababu kutajwa. Uskochi ilikirudia kifungu kile tarehe 1 Desemba 2017: mwenye nyumba ataje sababu moja kati ya 18, na mara nyingi atoe siku 84 kwa aliyekaa zaidi ya miezi sita. Miezi michache baadaye, Machi 2018, sanamu ya Mary Barbour ilifunuliwa Govan, akiwa mbele ya msafara wa watu.