Farasi wa Nasaba na Masafa Mafupi

Katika nchi ya Nachingwea na Ruangwa, ambako tangu zama za wahenga mbung'o wa mapori hawakumpa farasi nafasi ya kuishi, kwa kuwa nagana wanayoieneza humwangamiza upesi, si ajabu istilahi za mashindano ya farasi zikawa ngeni masikioni. Walakini Mmwera wa huko yamkini ataifahamu mojawapo upesi kuliko mkazi wa Nairobi aliye jirani na uwanja wa Ngong, ambako farasi hushindanishwa tangu mwaka 1954.

Kabla ya kuifikia hiyo, kuna lile jina la farasi wa mashindano wenye asili ya Uingereza, ambao aghalabu huitwa "farasi wa damu safi". Tafsiri hiyo siikubali hata kidogo, kwani damu yao ilichanganywa kwa makusudi: madume watatu mashuhuri wa mashariki, akiwamo Darley Arabian aliyenunuliwa Halab katika nchi ya Sham na kufikishwa Uingereza mwaka 1704, walipandishwa majike wa huko. Kinachowatenga na farasi wengine ni daftari, lililochapishwa kwanza mwaka 1791, ambamo kila mtoto huandikwa pamoja na baba yake na mama yake. Na ambaye wazazi wake hawamo humo, hata awe na mbio namna gani, si miongoni mwao. Basi na aitwe farasi wa nasaba, neno ambalo watu wa pwani wamelizoea katika silsila za masharifu.

Na Mmwera, ambaye kwa mila ukoo wake ulifuata upande wa mama, hatahitaji mwalimu katika istilahi ya "ndugu": wafugaji wa farasi hao hawawahesabu kuwa ndugu watoto wa dume mmoja, ambao huenda wakafika mamia, ndugu ni waliotoka tumbo moja. Black Caviar, jike wa Australia aliyezaliwa mwaka 2006, ndugu yake ni All Too Hard, ingawa baba zao ni mbalimbali, kwa kuwa wote wawili walizaliwa na Helsinge.

Huyo Black Caviar alikuwa farasi wa masafa mafupi, yaani mita 1000 hadi 1400. Wako wapendeleao kusema "farasi wa kasi", ilhali hapana farasi wa mashindano asiye na kasi. Tangu mwaka 2009 hadi 2013 alishindana mara 25, akashinda zote 25, wala hakuvuka mita 1400. Tarehe 23 Juni 2012, huko Ascot, Uingereza, katika mbio za mita 1200 hivi, mpandaji wake Luke Nolen alilegeza mikono kabla ya kufika mwisho, na farasi mwenzake Moonlight Cloud akamjia ubavuni hata ushindi ukasalia wa kichwa tu. Katika masafa marefu kosa kama hilo huenda likapata muda wa kutengenezwa. Katika mbio zinazokwisha kwa dakika moja na ushei, muda huo haupo.