Shule ya Msingi, Kwaya na Upatanisho: Historia Tuliyorithi



Ndugu wanakwaya, wazazi, walimu na waumini wote mliojumuika nasi, neno yubilei lenyewe lina asili ya muziki. Linatokana na neno la Kiebrania, yobeli, yaani pembe ya kondoo dume iliyopulizwa kama tarumbeta. Kitabu cha Walawi, sura ya 25, kinaeleza kwamba pembe hiyo ilipaswa kusikika nchi nzima kila mwaka wa 50, na hata siku ya kuipuliza imetajwa: Siku ya Upatanisho. Baada ya hapo mashamba yalirudi kwa wenyewe, na waliouzwa utumwani wakarudi kwa jamaa zao. Upatanisho ulitangulia, sherehe ikafuata.

Kwa sababu hiyo tumetenga kurasa hizi kukumbuka shule ya msingi ya Kikatoliki. Hapo ndipo Wakatoliki wengi wa Kenya walipojifunza kuimba pamoja. Na hapo ndipo wengi walipoketi kwa mara ya kwanza dawati moja na mtoto wa kabila lingine, wa dhehebu lingine, au wa boma ambalo wazazi wao hawasalimiani nalo.

Walioitwa wasomaji

Historia hiyo ilianzia pwani. Mwaka wa 1868 Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo, katika Tanzania ya leo. Watoto wengi waliolelewa pale walikuwa wamekombolewa kutoka utumwani. Walitoka makabila mbalimbali na walikuwa wametenganishwa na wazazi wao. Walifundishwa kusoma, kufanya kazi za mikono, kusali na kuimba. Kabla ya kuwa mahali pa mitihani, shule ya misheni ilikuwa mahali ambapo watoto waliotawanywa walianza kuishi tena kama ndugu.

Kutoka pwani, injili na shule vilisafiri pamoja kuelekea bara. Misheni ya Bura katika Taita ilianzishwa mwaka wa 1892, na ya St. Austin's, Nairobi, mwaka wa 1899. Mwaka wa 1902 Wamisionari wa Konsolata walifika Tuthu, Murang'a, kwa chifu Karuri wa Gakure. Mwaka uliofuata Wamisionari wa Mill Hill walianza kazi Kisumu. Karibu kila walikopita mpango ulikuwa mmoja: jengo la udongo lililoezekwa nyasi, ambalo siku za kazi lilikuwa darasa na Jumapili likawa kanisa.

Mwalimu na katekista mara nyingi alikuwa mtu yule yule. Alifundisha irabu, akafundisha Amri Kumi, kisha akafundisha do-re-mi. Kwaya ya kigango ilikuwa wanafunzi wake, maana ndio waliokuwa na uwezo wa kusoma maneno ya wimbo. Ugikuyuni, Wakristo wa kwanza waliitwa athomi, yaani wasomaji. Machoni pa majirani, kusoma na kusali vilikuwa kitu kimoja.

Kanisa lenyewe lilitambua jambo hilo. Mwaka wa 1928 Askofu Arthur Hinsley, aliyetumwa na Baba Mtakatifu kuangalia shule za misheni katika Afrika ya Kiingereza, alikutana na viongozi wa misheni mjini Dar es Salaam. Aliwashauri kwamba, ikiwa nguvu hazitoshi kwa yote mawili, ni afadhali ujenzi wa makanisa ungoje ili shule ziimarishwe. Ushauri huo ulibadilisha mambo. Parokia nyingi tunazoziona leo zilikua pembeni mwa shule, wala si shule pembeni mwa parokia.

Madonda ambayo hatuyafichi

Historia ya kweli haifichi kidonda. Wamisionari wa madhehebu mbalimbali walishindania vijiji na watoto. Ndugu wa tumbo moja waliweza kutenganishwa, mmoja akisoma kwa mafadha na mwingine kwa Waprotestanti, kila mmoja akifundishwa kumtilia shaka mwenzake. Kule Uganda mambo yalifika mbali zaidi. Mwaka wa 1892 Wakatoliki na Waprotestanti walipigana vita mjini Mengo, miaka sita tu baada ya vijana wa pande zote mbili kuchomwa pamoja Namugongo kwa ajili ya Kristo yule yule. Tunapoimba kila tarehe 3 Juni kuwaheshimu Karoli Lwanga na Kizito, ambao majina yao yamepewa shule nyingi za msingi nchini mwetu, tukumbuke kwamba Papa Paulo VI alipowatangaza watakatifu mwaka wa 1964, aliwataja pia Waanglikana waliokufa kwa ajili ya jina la Kristo.

Kidonda cha pili kilihusu utamaduni. Katika shule nyingi za misheni ngoma ilihesabiwa kuwa ya kipagani. Mtoto aliimba Kilatini asichokielewa, naye bibi yake akabaki nje ya mlango na nyimbo zake. Shule iliyofundisha upendo ilikuwa bado haijapatana na mji uliokuwa umeizunguka.

Mlango huo ulifunguliwa hatua kwa hatua, na watoto wa shule walikuwa miongoni mwa waliotangulia kuingia. Kule Kamina, katika Katanga, nchini Kongo, Padre Guido Haazen aliunda kwaya ya wavulana na walimu wa shule ya misheni. Waliimba Misa kwa mitindo ya nyumbani kwao, ngoma zikipigwa, na mwaka wa 1958 wakaizuru Ulaya. Misa Luba yao ilisikika ulimwenguni kabla Mtaguso haujaitishwa. Kisha, tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya Liturujia, ikiruhusu lugha za watu na kuheshimu muziki wao. Siku nane baadaye, tarehe 12 Desemba, Kenya ikapata uhuru. Kizazi kilichokuwa darasani wakati huo kilishuhudia bendera mpya uwanjani, na baada ya muda kikasikia Kiswahili, kayamba na ngoma altareni.

Shule ya wote

Baada ya uhuru, Sheria ya Elimu ya mwaka wa 1968 iliziweka shule za misheni chini ya usimamizi wa serikali. Kanisa likabaki mfadhili. Wapo waliohofia kwamba imani ingezimika. Badala yake shule hizo zikawa kweli za watu wote. Elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure Januari 2003, zaidi ya watoto milioni moja wapya walimiminika madarasani nchini, na shule zinazofadhiliwa na Kanisa zilipokea sehemu yao ya wageni hao. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inampa mfadhili jukumu la kukuza maisha ya kiroho ya wanafunzi, lakini pia inamtaka alinde imani ya wale wasio wa dhehebu lake.

Kwa maneno ya kawaida, maana yake ni hii: mtoto wa PCEA, wa AIC au wa Kiislamu akiwa katika shule yetu si mgeni wa kuvumiliwa. Ni mwanafunzi kamili. Anapanga mstari paredini, anakula githeri ya sufuria moja na wenzake, na akiwa na sauti nzuri anaimba kwenye tamasha la muziki. Mwalimu wa PPI anawafundisha Wakatoliki Komunyo na Kipaimara bila kumdharau jirani yao wa dawati. Hayo ni mazoezi ya amani yanayofanyika kila siku bila mtu kuyaita hivyo.

Mtihani wa mwaka wa 2008

Mazoezi hayo yalijaribiwa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao. Katika Bonde la Ufa, jirani alimgeuka jirani, na wapo Wakristo waliobatizwa katika kisima kimoja waliojikuta pande mbili. Maelfu ya watu walikimbilia uwanja wa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu wa Yesu, Eldoret. Mashuleni, walimu wa makabila yaliyotishiwa walikimbia, na watoto waliobaki wakakosa wa kuwafundisha. Hapo ndipo wengi walipotambua kwamba ukimfukuza jirani, unamfukuza pia mwalimu wa mtoto wako.

Askofu wa Eldoret wakati huo alikuwa Cornelius Korir, aliyeliongoza jimbo tangu mwaka wa 1990 hadi alipofariki tarehe 30 Oktoba 2017. Alikuwa ameshaona mapigano ya miaka ya tisini, na njia aliyoijenga aliieleza katika kitabu chake, Amani Mashinani. Inafaa wanakwaya waijue, maana ina mengi ya kutufundisha.

Kwanza, hakuanza na mkutano mkubwa wa kupeana mikono. Kila upande ulikutana peke yake ukasema uchungu wake wote, hata yale yasiyopendeza masikioni. Pili, watu wachache wa pande zote mbili wakakutana, kisha wazee, kisha vikundi vikubwa zaidi, wakakubaliana mambo kwa mambo. Tatu, wakapewa kazi ya kufanya pamoja: barabara, josho la ng'ombe, shule, vitu ambavyo upande mmoja hauwezi kuvifaidi peke yake. Wanaume wawili wasiosalimiana wanaweza kwenda masoko tofauti. Lakini kama kijiji kina shule moja na watoto wao wako darasa moja, wataonana siku ya mkutano wa wazazi. Wataketi benchi moja na kuzungumzia choo kimoja, paa moja, mwalimu mmoja. Maneno ya kwanza huwa ya mabati na misumari. Yale ya moyoni huja baadaye, kwa waliokuwa na subira.

Tuseme pia lililo gumu. Watoto hawawezi kupatana kwa niaba ya wazazi wao. Watacheza mpira pamoja mchana, lakini jioni wakirudi nyumbani wakasikia kabila la rafiki yao likitukanwa mezani, somo la shule linafutwa. Wala wimbo mtamu wa amani hautibu kidonda kisichofunguliwa. Askofu Korir alianza na malalamiko kabla ya makubaliano, akijua kwamba amani ya haraka huwafaa zaidi waliokosa kuliko waliokosewa.

Urithi wetu katika yubilei hii

Kwaya ni mtoto wa shule ile. Tunajifunza nyimbo kwa solfa, kama walivyojifunza wanafunzi wa katekista. Tunaimba sauti nne, na sauti ya kwanza haiwezi kuwaambia besi kwamba haiwahitaji. Lakini sote tunajua jinsi kwaya zinavyovunjika: mgogoro wa pesa za sare, ugomvi juu ya nani atakuwa mwalimu, albamu iliyorekodiwa na mapato yasiyoelezwa, wimbo wa lugha moja unaoimbwa kila Jumapili huku wa wengine ukisahaulika. Mambo hayo ni madogo kuliko ya mwaka wa 2008, lakini mizizi yake ni ile ile. Mtu anahisi hakusikilizwa, anajitenga, kisha anapata wa kujitenga naye.

Basi yubilei hii itupe kazi mbili. Ya kwanza iko katika Injili ya Mathayo, sura ya 5: mwenye sadaka akikumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache mbele ya altare akapatane naye kwanza. Sadaka ya mwanakwaya ni sauti yake. Kuna waliokuwa wakiimba nasi ambao leo wameketi viti vya nyuma, au hawaji kabisa. Wafuateni nyumbani, tena si kwa ujumbe wa simu. Wasikilizeni kwanza, hata kama watasema yasiyopendeza, ndipo muwaalike mazoezini.

Kazi ya pili ni kurudi shuleni. Shule ya msingi iliyo jirani na kanisa inahitaji watu wa kuwafundisha watoto nyimbo, kusaidia katika PPI, na kuimba nao siku ya Misa ya shule. Watoto hao, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, ndio watakaoamua kama uchaguzi ujao na ule utakaofuata utawakuta majirani au maadui.

Misa ya leo itakapofika wakati wa kutakiana amani, msimpe mkono aliye karibu tu. Mtafuteni yule ambaye mkono wake ni mzito kuushika.

Hongereni kwa yubilei, na Mungu awabariki nyote.