Mbwa wa Njia ya Msafara

Tukiizungumzia njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora hadi Ujiji, tunataja pembe za ndovu, watumwa, wapagazi na Mtemi Mirambo. Mbwa hatumtaji, na hali naye alikuwamo. Leo, ndugu msikilizaji, na wewe unayenisoma gazetini, naomba tumfuate mbwa huyo. Analo la kutuambia sisi watu wa mijini, tunaonunua watoto wa mbwa kwa bei kubwa kisha tukawafunga mnyororo uani.

Mwaka 1860, mjini London, mama mmoja aitwaye Mary Tealby alifungua nyumba ya kuwahifadhi mbwa waliopotea na waliotupwa. Alichekwa hadi magazetini: watu wana njaa, yeye anahangaika na mbwa! Lakini nyumba ile haikufa. Mwaka 1871 ilihamia Battersea, na mpaka leo ipo. Mwaka 1874 Henry Morton Stanley, akijiandaa kwa safari nyingine katika bara letu, alinunua hapo mbwa watatu: Nero, Bull na Jack. Pamoja nao alikuwa na mbwa wawili wakubwa wa ukoo wenye jina, Castor na Captain.

Msafara uliondoka Bagamoyo Novemba 17, 1874. Jua la pwani halikuuliza ukoo. Castor alikufa kwa joto mwanzoni kabisa mwa safari, na Captain akawa hoi. Lakini Bull, mbwa aliyetoka kwenye nyumba ya waliotupwa, alivuka Ugogo, akafika Ziwa Victoria, akaiona Buganda na Karagwe. Alifia njiani mwaka 1876, msafara ukielekea Unyamwezi, muda mfupi kabla Stanley hajakutana na Mirambo.

Dakta Livingstone naye alikuwa na mbwa mdogo, jina lake Chitane. Huyu hakuwa na umbo la kutisha, ila alikuwa na adabu. Msafara ukitembea, alikimbia mbele kumwona wa kwanza, kisha akarudi nyuma kumbwekea wa mwisho ili asibaki. Wakipiga kambi, alikijua kibanda cha bwana wake na kukilinda, wala hakuiba chakula. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Maskini Chitane hakuuona. Januari 1867, katika nchi iitwayo leo Zambia, msafara ulivuka kinamasi kipana, kila mtu akihangaika na roho yake, na hakuna aliyemkumbuka mbwa. Akazama.

Hapo ndipo penye fundisho. Mbwa aliyejua wajibu wake kwa kila mtu wa msafara alikufa kwa sababu siku ile hakuna aliyekumbuka wajibu wake kwake.

Sasa twende Ipole. Ukitoka Tabora kwenda kusini unapita Sikonge, kisha unaingia miombo, nchi ya asali, ya wanyamapori na ya mbung'o. Inzi huyo aliwamaliza ng'ombe na punda wengi wa misafara, na mbwa pia humuua. Nilipokwenda huko kwa kazi yangu ya redio, nilimwona mbwa mwembamba wa rangi ya mchanga akifuata baiskeli ya mzee mmoja mrina asali. Mzee aliposimama tusalimiane, mbwa akakaa chini bila kuamriwa.

"Shikamoo mzee. Huyu umemfundisha kwa fimbo gani?"

"Marahaba mwanangu. Fimbo ya nini? Nilimchukua mdogo, akala mkononi mwangu, akatembea na mimi."

Mzee yule na madaktari wa mifugo wanasema jambo moja. Mtoto wa mbwa asitenganishwe na mama yake kabla ya wiki 8. Tangu wiki ya 3 hadi kama ya 14 ndipo anapoijifunza dunia: watoto, wageni, kuku, baiskeli, kelele za mtaani. Akitenda vema, msifu papo hapo. Akikosea, mzuie bila kumpiga, kwani mbwa aliyelelewa kwa hofu huuma kwa hofu. Na anayefungwa mchana kutwa halindi nyumba; anaichukia dunia nzima.

Kubwa kuliko yote ni chanjo. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu 59,000 kwa mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote wameumwa na mbwa. Wataalamu wanasema tukichanja mbwa 7 katika kila 10, ugonjwa hukatika. Ukiumwa, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Sheria tunayo. Bunge letu lilipitisha Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008. Lakini sheria haiwezi kuingia kila ua usiku kumpa mbwa maji. Kwa hiyo ndugu yangu, kabla hujaulizia bei ya mtoto wa mbwa wa kigeni, jiulize kwanza: nani atamlisha, nani atatembea naye, nani atampeleka kwenye chanjo kila mwaka? Kama huna jibu, usimnunue. Kama unalo, huenda mbwa unayemhitaji yuko tayari mtaani kwako, anaitwa koko, na anangoja tu mtu wa kumlea.