Rangi za Kangema na Mazimwi ya Sakaiminato

Ukipanda kutoka mji wa Murang'a kwenda Kangema, barabara inafuata migongo ya vilima vya kahawa mpaka karibu na majani chai, na kila kituo cha biashara kando yake kimepakwa rangi zile zile. Kijani cha Safaricom kimefunika duka la M-Pesa, nyekundu ya Airtel imechukua la jirani, na nyekundu nyingine, ya Coca-Cola, iko ukutani mwa hoteli ya chai na mandazi. Kangema nayo iko vivyo hivyo. Nguzo za baraza za maduka zimepakwa mara nyingi mno, hata rangi inapobanduka unaona tabaka zake: kijani juu, manjano chini yake, na ndani kabisa chokaa aliyopaka mwenye duka wa kwanza. Kila tabaka ni kampuni iliyokuja na ndoo zake, ikapaka bila malipo, ikaondoka.

Japani nako kuna miji iliyopakwa na kupambwa kwa dhamira moja, na mmojawapo ni mdogo kiasi cha kulinganishwa na miji yetu ya mlimani. Sakaiminato, mji wa wavuvi katika mkoa wa Tottori, kwenye Bahari ya Japani, hauna hata wakazi 40,000. Mtaa wake wa maduka ulikuwa umeanza kufa, wateja wamehama na milango imefungwa. Badala ya kusubiri mwekezaji, mji ulimgeukia mwanawe mmoja, mchoraji wa katuni Mizuki Shigeru, aliyekulia pale akisimuliwa na bibi mmoja mzee hadithi za mazimwi wa majini, wa misituni na wa chini ya sakafu. Mwaka 1993 sanamu 23 za shaba za mazimwi hao zilisimamishwa kando ya barabara inayotoka kituo cha reli. Leo ziko zaidi ya 170. Treni za reli hiyo zimechorwa wahusika wa Mizuki, vituo vimepewa majina ya utani ya mazimwi, na uwanja wa ndege wa Yonago ulio karibu umepewa jina la Kitaro, mhusika wake mkuu. Mwaka 2010, tamthilia ya televisheni kuhusu maisha ya mkewe ilipokuwa ikionyeshwa, wageni zaidi ya milioni 3 waliitembelea barabara hiyo.

Mkenya akisoma habari hizo huenda akasema kwamba Wajapani wana fedha. Kweli, fedha zilikuwapo. Mnamo 1988 na 1989 serikali ya Waziri Mkuu Takeshita Noboru iliipa karibu kila manispaa, kubwa na ndogo, yeni milioni 100 za kutumia itakavyo kuinua mji. Lakini fedha hizo hizo zilizaa pia minara isiyotembelewa na mtu, na mji mmoja wa kisiwa cha Awaji, Tsuna, ulizitumia kuonyesha kipande kikubwa cha dhahabu ili watu waje kukigusa. Sisi nasi tangu ugatuzi wa 2013 tumekuwa na serikali za kaunti zenye bajeti zao, na katika miaka ya karibuni kaunti ya Murang'a imekuwa ikitandika kabro katika miji yake. Kabro ni jambo jema sana mahali penye mvua na udongo mwekundu kama huku. Hata hivyo kabro ya mji mmoja ni sawa na ya mji mwingine. Inakuambia kwamba umetoka matopeni, lakini haikuambii umefika wapi.

Tofauti iliyo wazi zaidi ni kwamba huku kwetu chombo cha kusafiria kimepambwa kuliko mahali kinapotoka. Matatu ndiyo sanaa yetu ya umma, na Kangema ina neno lake katika historia hiyo. John Michuki, mbunge wa Kangema kwa miaka mingi, ndiye aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi mwaka 2004 kanuni zilizopewa jina lake zilipoleta mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano ubavuni mwa kila matatu. Michoro iliyokuwa imefunika magari hayo ilizimwa kwa amri ya serikali, na wakati wa Rais Uhuru Kenyatta ikaruhusiwa tena. Sakaiminato treni na kituo vinasimulia hadithi moja, kwa mapatano ya shirika la reli na mji. Kwetu kijana mchoraji na mwenye gari wanapatana wao kwa wao, na stendi haimo katika mapatano. Mtindo wao una mpango, na wetu una uhuru na kasi: kizazi kizima cha wanamuziki na wachezaji mpira hubadilishwa ubavuni mwa basi katika miaka michache, jambo lisilowezekana kwa shaba.

Amri juu ya rangi si jambo la Michuki peke yake. Mwaka 2007 Kyoto ilipunguza urefu wa majengo katikati ya mji kutoka mita 45 hadi 31, ikapiga marufuku matangazo ya juu ya mapaa na taa za kumweka, na ikaweka mipaka ya rangi. Ndiyo sababu migahawa ya McDonald's kule ina mabango ya hudhurungi mahali ambapo kwingine yangekuwa mekundu. Mombasa nayo, mwaka 2018, iliwaagiza wenye majengo ya katikati ya mji na Mji wa Kale wapake nyeupe na bluu. Amri hizi mbili zinafanana kwa nia lakini hazifanani kwa njia. Kyoto iliwaachia wenye mabango miaka kadhaa ya kuyaondoa. Mombasa rangi ilinunuliwa na mwenye nyumba, na huenda mpangaji mdogo akaihesabu katika kodi yake. Lakini ukitazama kutoka baharini mchana, nyeupe ile inaupendeza mji wa chokaa na matumbawe, nami nisingependa kuibeza.

Kosa la miji yetu kufanana si la kampuni peke yao pia. Karibu na hekalu kuu la Ise, Japani, kuna mtaa uitwao Okage Yokocho, uliofunguliwa 1993, wenye nyumba za mbao na mapaa ya vigae kwa mtindo wa karne zilizopita. Aliyeujenga si serikali bali ni Akafuku, kampuni ya vitamutamu iliyoanza 1707 kwa kuwauzia mahujaji. Kampuni ile ilitaka faida kama kampuni yoyote, ila ilivaa nguo za mji. Kangema ni mji unaovaa nguo za kampuni. Hata hivyo rangi zile zina kazi, na ni vizuri kumtendea haki mwenye duka anayezikubali. Ukuta uliopakwa unavumilia mvua za mlimani. Mkulima anayeshuka kutoka Kanyenyaini siku ya bonasi ya chai anakiona kijani kutoka mbali na kujua pa kutolea pesa bila kumuuliza mtu. Anayeikataa rangi ya bure atainunua kwa faida ya soda na sukari, na faida hiyo ni ndogo.

Ise yenyewe inatupa mfano ulio karibu nasi zaidi kuliko tunavyodhani. Hekalu lake la mbao hujengwa upya kila baada ya miaka 20, kwenye kiwanja kilicho kando ya lile la zamani. Mara ya 62 ilikuwa 2013. Wajapani hawasemi kwamba jengo lile ni nakala. Ni lile lile, kwa sababu ustadi ni ule ule. Katika Murang'a hii hii, huko Gaturi, kuna Mukurwe wa Nyagathanga, mahali ambapo Wakikuyu wanasema Gikuyu na Mumbi walianzia nyumba yao na binti zao. Nyumba za nyasi zilizopo pale zimejengwa upya, na hakuna mzee anayeona hilo kuwa kasoro. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha 1938 kuhusu Wakikuyu, alieleza kwamba nyumba ilipaswa kujengwa na kumalizika kwa siku moja. Kwa watu wa aina hiyo, cha kudumu hakikuwa ukuta bali mikono inayojua kuujenga. Ni jambo la kuhuzunisha kwamba kilichokwama pale ni hoteli ya saruji iliyoanzwa miaka ya 1980, ambayo ilipaswa kuwakaribisha wageni wa nyumba zile za siku moja.

Ukiuliza kwa nini basi Murang'a haijaipamba miji yake kwa historia, sehemu ya jibu iko katika kanisa kuu la Mtakatifu James mjini Murang'a. Lilijengwa miaka ya 1950 kuwakumbuka Wakristo waliouawa kwa kukataa kiapo cha Mau Mau. Ndani yake Elimo Njau, mchoraji kutoka Marangu aliyesomea Makerere, alichora picha tano za maisha ya Kristo, kuanzia kuzaliwa hadi msalaba, akaziweka katika vilima, migomba na nyumba za Wakikuyu. Hakuna kazi ya umma katika eneo lote la Mlima Kenya ninayoiheshimu kuliko hiyo. Lakini kaskazini zaidi, katikati ya mji wa Nyeri, kuna mnara wa kuwakumbuka waliokufa wakipigania uhuru. Waliokumbukwa na majengo haya mawili walikuwa majirani, wakati mwingine ndugu. Mji unaotaka kuchora vita hivyo kwenye ukuta wa soko utalazimika kwanza kuamua ni jeraha la nani linachorwa.

Hapo ndipo Sakaiminato inanifundisha kitu. Mizuki alipoteza mkono wa kushoto katika Vita vya Pili vya Dunia, huko Rabaul, na alichora mengi kuhusu vita hivyo. Mji wake haukukosa simulizi zito, ila barabara ya maduka uliwapa mazimwi, kwa kuwa zimwi halina upande katika ugomvi wa ukoo wowote. Sisi tunaye irimu, zimwi anayeogopwa na kila mtoto wa Kikuyu, na sungura anayemshinda, na binti wanaookolewa na ndugu zao kutoka nyumbani kwake. Hadithi hizo ni za waliokula kiapo na waliokikataa vilevile.

Mahali pa kuanzia papo tayari. Maduka ya zamani ya Kangema yana ukuta mfupi wa juu unaoficha mabati, ambapo zamani fundi aliandika kwa brashi jina la duka na mwaka wa kujengwa. Kampuni mara nyingi hupaka kuanzia barazani hadi mlangoni. Kaunti ikiziachia kampuni sehemu ya chini, pamoja na rangi yao ya bure, na kuuchukua ukuta ule wa juu kuwa wa mji, wachoraji wa matatu wa Nairobi watapata kazi ya miaka, na mwenye duka hatatoa hata shilingi moja mfukoni.