Asili ya Kwaya za Watoto katika Usambara

Watu wakiulizwa kwaya za watoto zilianzaje katika milima ya Usambara, hujibu upesi ya kuwa zililetwa na wamisionari. Jibu hili ni nusu ya kweli, na nusu iliyosalia ndiyo itufaayo sisi walimu.

Katika mwaka wa 1891 Ernst Johanssen na Paul Wohlrab walianzisha kituo Mlalo, wakakiita Hohenfriedeberg. Kikafuata kituo cha Mtae mwaka wa 1893, na cha Vuga mwaka wa 1895. Na mwaka wa 1896 nyumba ya watoto waliokombolewa utumwani ilifunguliwa Lutindi. Pamoja na herufi zilikuja sauti za nyimbo za Kijerumani. Lakini watoto wa Kishambaa hawakuwa mabubu. Katika ngano za wazee wao mna nyimbo: msimulizi huanza, wasikilizaji huitikia. Basi kwaya ilikuwapo kabla ya jina lake.

Shida ilikuwa katika kukutana kwa mambo hayo mawili. Katika Kishambaa sauti ya neno hupanda na kushuka, na maana hufuata. Sauti ya wimbo mgeni haijali hayo: neno lataka kupanda, wimbo washuka. Kiswahili hakina shida hiyo, ila kina yake. Mkazo wetu hukaa katika silabi ya pili toka mwisho, na nyimbo nyingi za Kijerumani humaliza mstari kwa pigo zito. Hivyo mtoto huimba “Bwaná”, neno ambalo hakulisikia kwa mama yake. Wala jambo hili si dogo, maana barábara si barabára.

Vita vilipofika Usambara mwaka wa 1916, Wajerumani waliondolewa, na kazi ikawaangukia walimu wenyeji. Hao walizijua njia zote mbili, ya kitabu na ya kuitikiana. Na mwaka wa 1963 Kanisa la Usambara na Digo lilikuwa mojawapo ya makanisa saba yaliyoungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania.

Kwa hiyo twawasihi walimu wenzetu: kabla ya kufundisha sauti, watoto na wayatamke maneno kama wanavyosema nyumbani. Pale wimbo unapoyavunja, wimbo ndio urekebishwe. Mtoto asiyelitambua neno lake katika wimbo huimba kwa kinywa tu.