Kichekesho cha Muhogo Mchungu

Mkusanyaji wa filamu za kale hashughulishwi sana na zile zilizojaa madukani. Moyo wake huenda kwa kichekesho ambacho wengi wamelisikia jina tu. Kwa Kiswahili, mfano wake ni Muhogo Mchungu, filamu ya 1952 iliyotengenezwa Tanganyika na kampuni ya Afrika Kusini, African Film Productions, kwa ushirikiano na serikali ya kikoloni.

Kisa ni cha mtu wa shamba anayeingia mjini na fedha zake, akaghilibiwa na wajanja. Hakikuwa kisa kipya. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa sinema wa Waingereza huko Vugiri, Usambara, ulipiga filamu 35. Mojawapo ilimwonyesha kibarua aliyefukia akiba yake ardhini ikaibwa, ilhali mwenziwe aliyeiweka benki ya Posta alisalimika. Mkulima ndiye mjinga daima, serikali ndiyo mjuzi. Filamu zinazojulikana kubaki kati ya hizo ni tatu, na hiyo ya kibarua haimo.

Hata hivyo, jina Muhogo Mchungu lina ukaidi wake. Lipelekwe Nyamwage, kusini ya mto Rufiji, pale njia ya Utete inapoachana na barabara ya Lindi. Mpaka daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, mtu wa huko alivuka kwa kivuko ndipo aione Dar es Salaam, kwa hiyo safari ya mhusika wa filamu si ngeni kwake. Na muhogo mchungu anaujua: una sumu, huloekwa, huanikwa ukawa makopa, kisha hutwangwa unga. Mjanja wa mjini akiutafuna mbichi, shauri yake.

Aliyeigiza mjinga huyo ni Rashidi Kawawa, mzaliwa wa Songea, wakati huo mfanyakazi wa idara ya ustawi wa jamii. Mwaka 1955 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Januari 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Jina la filamu likaja kujulikana zaidi kwa mwigizaji mwingine, Mzee Abdallah Mkumbila wa michezo ya televisheni.

Mtazamaji wa 1952 alikwenda kumcheka mshamba. Anayeisaka filamu hiyo leo anautaka uso wa Kawawa, apate kuona kama kijana yule alikuwa akiwacheka watu wa shamba au akicheka pamoja nao.